Isale Ukumbini

Saa nne asubuhi Elifuraha na bibi yake, Aikaeli, walijiandikisha getini kwenye daftari la wageni la chuo cha ualimu, juu kidogo ya mji wa Moshi. Mwongoza wageni, mwanamume mpole aliyehamia kutoka Shinyanga, aliwaonyesha matao ya mawe, madirisha marefu na paa la vigae lililodumu tangu mwaka 1948. Bibi alisema mawe anayafahamu. Baadhi aliyabeba kichwani toka mtoni akiwa na miaka kumi na mmoja.

Ukumbini walimkuta baba yake bibi. Mzee Eliufoo alizikwa kihambani kwake, kwenye shamba la ukoo, kati ya migomba, kabla chuo hakijalichukua eneo, na ahadi ya kuhamisha kaburi haikutekelezwa. Sasa alikuwa amechomoza hadi kifuani katikati ya sakafu, baina ya safu ya tatu na ya nne ya madawati, amezungukwa na masale, mimea ya mila ambayo Wachaga huipanda makaburini. Wanachuo walimpa shikamoo wakapita. Alifariki akiwa na miaka arobaini, hivyo alionekana kama mjukuu wa binti yake.

"Umekonda, mwanangu," alisema.

"Nimekuja kukuchukua, baba."

Elifuraha alikuwa na barua ya familia kwa mkuu wa chuo: sakafu ivunjwe kiasi cha mtu mmoja tu. Aliamini hakuna atakayeisoma akakataa. Mwongoza wageni aliisoma yote, akaeleza kwamba jengo ni la urithi na sakafu haiguswi, ila wakikaza huenda mkuu akawasikiliza. Alisikitika kweli. Kwa kuwa alishasikia Wachaga wanaliheshimu isale, alikata jani moja akampa bibi kwa mikono miwili, kwa niaba ya chuo, liwe ukumbusho.

Bibi alilitazama. Kwa mila yao, uliyekosewa ukiletewa isale la kuombwa msamaha, huwezi kulikataa, na ukishalipokea shauri limekwisha.

Akalipokea.

"Bibi, hakujua," Elifuraha alisema. "Ametoa zawadi tu."

"Isale haliulizi kama aliyelileta anajua."

Kengele ikalia. Mzee Eliufoo alikuwa ameliona jani mkononi mwa binti yake, naye alikuwa mtu wa kufuata mila. Aliwatakia safari njema, akageuka polepole ndani ya saruji hadi uso ukaelekea ubaoni, kwa sababu kipindi cha saa tano kilikuwa kinaanza.