Basi Namba Saba Linarudisha Mafuta

Mwezi wake wa kwanza kazini, Mkadiriaji alikosea. Halikuwa kosa kubwa, lilikuwa kosa la mtu mwenye haraka na anayetaka kupendwa. Kazi yake katika idara ya usafiri ya manispaa ilikuwa kukadiria kila gari litakunywa lita ngapi mwezi unaofuata. Alipofika kwenye basi namba saba, lile linalowapandisha manesi hospitali ya kilimani, akaingiza kwenye hesabu ile wiki ambayo basi lilikuwa limelala gereji. Akaandika kwamba matumizi yatashuka kutoka lita mia nne hadi mia tatu na sitini. Alipogundua, karatasi ilikuwa imeshapigwa muhuri, na katika idara ile muhuri ukishagonga, hata ukweli hubisha hodi ukaambiwa usubiri nje.

Jioni alimweleza baba yake huku chakula kikipoa mezani. Baba mtu ndiye aliyekuwa dereva wa basi hilo hilo kwa miaka ishirini na miwili. Manesi walimwita Mzee Taratibu, kwa sababu hakuwahi kumrusha mtu kwenye tuta.

"Baba, nimeharibu. Niko kwenye mwaka wa majaribio. Makadirio yakipishana na matumizi, kazi sipati."

"Yakipishana mara ngapi?"

"Hata mara moja."

Mzee akatafuna polepole, kama alivyofanya kila kitu. "Mia tatu na sitini, eeh? Kula, mama. Lile gari lina akili."

Mwezi ukaisha na hesabu ikaja: lita mia tatu na sitini, tone halikuzidi wala kupungua. Kwa kweli zisingeweza kuzidi, maana mtunza stoo alitoa mafuta kufuatana na karatasi ya makadirio, na karatasi ilisema hivyo. Lakini nani alitaka kuliona hilo? Mkurugenzi aliita watu wote ofisini. Alibandika ubao ukutani, akachora nukta mbili, akachukua rula na kuziunganisha, kisha mkono ukanogewa, akaendelea na mstari mpaka mwisho wa ubao.

"Lita arobaini kila mwezi!" alisema. "Basi linajifunza."

Mkadiriaji angesema neno siku ile. Badala yake akatabasamu. Sifa ni tamu, na yeye alikuwa hajawahi kupigiwa makofi tangu azaliwe. Mwezi wa nne alijikaza, akaandika kwamba matumizi yatabaki palepale. Mkurugenzi akaikata karatasi kwa wino mwekundu. "Unataka kulivunja basi moyo?"

Lita zikashuka. Mia mbili na arobaini. Mia mbili. Mia na sitini. Kila mwezi Mkadiriaji aliandika, na kila mwezi basi likatii. Mwezi wa saba mstari ulifika mwisho wa ubao, seremala akaitwa aongeze ubao mwingine chini yake. Mwezi wa kumi ukagusa sakafu, na sakafu, kwa vipimo vya Mkurugenzi, ndiyo ilikuwa sifuri. Mtu mwenye akili angekomea hapo. Mkurugenzi alimwita seremala tena, wakatoboa sakafu, mstari ukatokea kwenye dari ya mtunza stoo, ghorofa ya chini, ukaanza kuteremka ukutani kwake juu ya rafu ya vipuri.

"Mwezi wa kumi na moja," Mkurugenzi alitangaza, "basi namba saba litaturudishia lita arobaini."

Hakuna aliyecheka. Fundi mkuu alikuna kichwa, akasema yeye injini ile aliifungua na hakuona kisima humo ndani, akaambiwa ana wivu. Tangi jipya likajengwa uani, likapakwa rangi ya kijani. Mwaka unaofuata, Mkurugenzi alisema, namba saba litayanywesha magari yote ya manispaa, na barua ya ajira ya Mkadiriaji ataikabidhi yeye mwenyewe, mbele ya tangi, siku basi litakapomimina.

Sasa mtu atauliza: huyu binti hakumuuliza baba yake? Alimuuliza, tena zaidi ya mara moja.

"Baba, basi linakwendaje?"

"Linakwenda."

"Na pikipiki yako mbona siioni?"

"Daktari kasema nitembee."

Aliona viatu vya mzee vimeisha soli, jozi ya nne mwaka huo. Aliona anavyoinuka kitini kwa kushika meza. Aliyaona yote, na moyoni alijua kuna jambo, ila alikuwa anaogopa jibu kuliko alivyoogopa ujinga. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Uchungu wa mzazi, mwana huujua akishachelewa.

Siku yenyewe ikafika. Watu wakajipanga uani, Mkurugenzi ameshika mrija mkononi na barua mfukoni. Saa nne ikapita. Saa nne na nusu. Mkadiriaji akachoka kungoja, akatoka getini na kushuka barabara kwenda kulipokea basi. Kwenye kona ya chini, mahali barabara inapoanza kupanda kuja getini, akasikia watu wanaimba.

"Moja, mbili, sukuma! Moja, mbili, sukuma!"

Manesi kumi na wanane, na magauni yao meupe, walikuwa nyuma ya basi wamelikabili kwa mabega. Mbele, mlango wa dereva ulikuwa wazi. Mzee Taratibu alisukuma kwa bega la kushoto, mkono wa kulia umeshika usukani kupitia mlangoni, kidole gumba cha mguu kimechungulia nje ya kiatu.

"Baba!"

"Ah, mama." Alihema. "Tumechelewa kidogo. Kona imetutesa."

"Mnasukuma tangu lini?"

Akajibu nesi mkuu, mwanamke ambaye mikono yake sasa ingeweza kunyanyua kitanda na mgonjwa wake. "Mlimani tangu mwezi wa tano. Tambarare tangu wa nane. Injini tumeisahau hata sauti. Alituambia binti yake yuko kwenye majaribio. Tungefanyaje?"

Kwenye kiti cha dereva kulikuwa na madumu mawili ya lita ishirini, yamefungwa mkanda kama abiria.

"Hayo ni nini, baba?"

"Arobaini. Si uliandika yatarudi arobaini? Mimi nikuzae, halafu nikutoe mwongo mbele za watu?"

"Umeuza pikipiki..."

"Pikipiki ilikuwa na kelele."

Mkadiriaji alilia barabarani, mchana kweupe, bila kujificha. Kisha akavua viatu vyake vya ofisini, akaenda nyuma, akapenya katikati ya manesi wawili na kuweka bega.

Basi likaingia uani polepole.

"Sikilizeni!" Mkurugenzi alipaza sauti. "Linakuja kimya! Hata moshi hakuna!" Manesi aliwaona waziwazi wakisukuma, akawaeleza wageni kwamba wanalisindikiza.

Mzee alifungua mkanda, akachukua dumu la kwanza, akaanza kuchechemea kuelekea tangi la kijani. Hakufika. Binti yake alilipokea dumu mkononi mwake, akageuka, akafungua kifuniko cha mafuta cha basi lenyewe na kumimina humo. Akarudi akachukua la pili, akalimimina lote.

"Unamwaga wapi?" Mkurugenzi alishtuka.

"Panapostahili. Na makadirio ya mwezi ujao ni lita mia nne."

"Mia nne! Na mstari?"

"Upande juu."

"Upite wapi?"

"Tundu si lipo? Upitie hapohapo uliposhukia."

Fundi mkuu alicheka peke yake. Mkurugenzi aliitoa barua, akaitazama, akairudisha mfukoni. "Kwa hiyo miezi yote hii umetudanganya."

"Lita zilikuwa sahihi, mheshimiwa. Nilichokosea ni kingine."

Aliamriwa asahihishe kumbukumbu kwa mkono wake, arudishe funguo, aondoke. Akapanda ofisini, akafungua daftari la basi namba saba. Nje alisikia baba yake anazungusha ufunguo: injini ikakohoa, ikakataa, ikakohoa tena, ikawaka, na manesi wakapiga vigelegele moshi mweusi ukimfunika Mkurugenzi na mrija wake.

Daftari lilikuwa na safu moja aliyokuwa akiijaza bila kufikiri, ile ya chanzo cha nishati. Miezi kumi na moja, neno moja: dizeli. Alichukua kalamu na kulikata, mstari mmoja baada ya mwingine, na pembeni ya kila mwezi akaandika upya, kwa herufi safi za mtu asiye na haraka tena: Baba.