Ua Lisilonuka Wali

Tamotsu Okazoe alipopiga simu kusema amegundua ua ambalo hakuna binadamu analijua, Daktari Shinobu Kuromiya alifanya kile ambacho mtaalamu yeyote wa mimea mwenye akili timamu angefanya. Alikata simu.

Simu ikalia tena.

"Gundi, usinikatie bwana."

"Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na tatu," alisema Shinobu. "Nina ofisi. Nina watu chini yangu wanaoniamkia. Usiniite Gundi."

"Haya, Daktari Gundi. Liko kwenye mteremko nyuma ya bweni letu. La njano, limeinamisha kichwa kama mtoto aliyeitwa ofisini. Ni jamii ya hototogisu, yale maua ya kivulini yenye madoadoa, lakini si hototogisu yoyote niliyowahi kuiona, na mimi mteremko ule ninaujua kuliko mgongo wa mke wangu."

"Mgongo wa mkeo unaujua kwa sababu anakugeuzia kila siku."

"Ehe! Umeshanikumbuka."

Kumkumbuka ndiko kulikokuwa tatizo lenyewe. Katika bonde lote la Kagenotani, juu kabisa ya milima ya Shikoku, hapakuwa na ulimi uliowahi kuaminiwa kidogo kuliko wa Tamotsu. Siku hizi analima ndimu za yuzu na ni kiongozi wa kitongoji, mtu mzima mwenye tumbo lake, lakini bado watu walimwita Kima. Enzi za bweni la shule ndiye aliyemwogesha chura kwenye sufuria ya supu ya miso. Ndiye aliyewashonea wenzake mikono ya pajama usiku wa kuamkia ukaguzi. Na katika mzaha mkubwa kuliko yote, ule wa ua, mshirika wake alikuwa Shinobu mwenyewe, ndiyo maana ya jina Gundi.

Tamotsu alimtumia picha. Shinobu akacheka, maana picha nayo hubandikwa. Kisha kikaja kifurushi: shina moja lenye majani, limeviringishwa kwa gazeti bichi. Daktari aliliweka chini ya lenzi, na kitu cha kwanza alichotafuta, kwa heshima zote za taaluma, kilikuwa gundi.

Haikuwepo. Vilivyokuwepo ni vinyweleo vidogo, vyote vimelala kuelekea juu, kama nywele za mtu aliyening'inizwa miguu juu. Hototogisu zote alizowahi kuzishika zilikuwa na vinyweleo vilivyolala chini au vilivyosimama ovyo. Alikaa pale mezani hadi chai yake ikaota ngozi.

Alimpigia Tamotsu. "Nataka ua."

"Bado ni matumba. Yatafunguka karibu na Bon, wafu wakirudi nyumbani."

"Bila ua siwezi kusema lolote. Kuieleza hototogisu kwa majani tu ni kama kumtambulisha bwana harusi kwa viatu vyake."

"Basi fanya upesi. Mji unamwaga zege pale Septemba."

Mvua za mwaka uliopita zilikuwa zimekula nusu ya barabara, na mji ulikuwa umeamua kuusitiri mteremko mzima kwa ukuta wa zege, kuanzia bwenini hadi mtoni. Ukuta hauombwi ukwepe kitu kisicho na jina, na jina halitolewi bila ua. Tamotsu alikuwa ameshajaribu kuihamishia mimea michache kwenye vyungu. Yote ikaoza kwa hasira. Hapakuwa na mteremko mwingine wenye mmea huo, au kama ulikuwepo, hakuna aliyeujua. Ama ua lipatikane mwaka huu, ama mmea ule upite duniani bila kuitwa.

"Lakini kuna jambo," Tamotsu aliongeza, na sauti yake ikawa ndogo. "Jumapili ile kabla ya Bon ndiyo siku ya kufyeka."

"Waambie waruke pale."

"Niwaambie nini? Kwamba Kima ameona ua jipya? Watanicheka hadi wafu wao wafike. Njoo kwanza uliangalie, uwaambie wewe. Kazi ni saa kumi na mbili. Treni ya kwanza inafika stesheni alfajiri, nitakuja kukuchukua kwa pikapu."

Na hapo ndipo watu wawili waliozaliwa Kagenotani walipofanya kosa ambalo hata mbuzi wa Kagenotani hawezi kulifanya. Waliamini saa.

Kule kwao, kazi ya kitongoji ikitangazwa kwenye kipaza sauti kuwa ni saa kumi na mbili kamili, maana yake ni kwamba saa kumi na mbili ni aibu. Mtu mwenye adabu hufika nusu saa kabla. Aliyemkuta mwenzake ameshafika hujisikia vibaya, kwa hiyo mwaka unaofuata humtangulia, na yule aliyetanguliwa naye hakubali. Kwa mtindo huo, bila mkutano wala kura, ufyekaji wa Kagenotani umekuwa ukirudi nyuma kuelekea usiku mwaka hadi mwaka. Tamotsu alilijua hilo. Lakini alikuwa na furaha, na furaha humtoa mtu akili.

Pikapu ilipinda kona ya bweni saa kumi na mbili kasorobo. Kitongoji kizima, wazee kumi na kitu waliofunga taulo shingoni, kilikuwa kimekaa kwenye ngazi za bweni kikinywa chai baridi ya shayiri. Mashine za kufyekea zilikuwa zimeshaoshwa.

"Mmechelewa," alisema mzee mmoja kwa upole.

Mteremko ulikuwa umenyolewa kama kichwa cha mtawa.

Shinobu alishuka na begi lake bado begani. Harufu ya majani mabichi yaliyokatwa ilimjia puani, na kwa sekunde moja, jambo la ajabu, hakuwaza ua. Alijikuta na miaka kumi na mitano, dirisha la bweni liko wazi, asubuhi ya kwanza ya likizo, na mtu fulani koridoni anaimba vibaya akitafuta soksi. Paa lilikuwa limebonyea sasa. Dirisha lake lilikuwa na ubao. Kisha sekunde ikapita, akaona malundo ya majani yaliyosagwa, akapiga magoti kwenye lundo la kwanza.

"Huyu si Gundi?" mtu alinong'ona. "Gundi wa marehemu Kuromiya? Anatafuta nini?"

"Pete, labda."

"Hajaolewa."

"Basi mume."

Tamotsu alisimama pembeni, kofia mkononi. Hakuwa na mzaha hata mmoja, na hilo liliwatisha watu kuliko kama angelia.

"Kima, umekufiwa?" aliuliza Bibi Kikue. Huyu alikuwa na miaka themanini na kitu na hakuwahi kushika mashine; alifyeka kwa mundu wake mdogo, akiwatangulia wenye kelele, akiokoa alichoona kinafaa kuokolewa.

"Kulikuwa na maua, Bibi. Ya njano. Pale chini ya jiwe lenye ukoga."

"Yale yanayoinama?"

Shinobu aliinua kichwa kutoka kwenye lundo, nywele zimejaa nyasi.

"Yale niliyachukua," alisema Bibi Kikue. "Nyie watoto wa siku hizi sijui mkoje. Bon ndiyo hii, wenyewe wanashuka kutoka mlimani na njaa zao za mwaka mzima, halafu ua lililojiotea lenyewe mnaliachia mashine ilitafune? Ua la Bon huchumwa mlimani, wafu wakapokelewa nalo."

"Umeyapeleka wapi, Bibi?" Shinobu aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya msichana wa bweni.

"Kwa asiye na mtu. Wengine wote wana wajukuu wa kuwaletea."

Makaburini asiye na mtu alikuwa mmoja tu, na Tamotsu na Shinobu walikimbia kama watu waliosikia kengele ya chakula.

Mwalimu Gentaro Nishimori alikuwa mtu wa pwani aliyekuja Kagenotani kufundisha sayansi kwa muda mfupi, akafia huko akiwa mzee. Hakuoa. Alikaa bwenini, chumba cha mwisho cha koridoni, na wanafunzi waliamini analala sikio likiwa sakafuni. Jiwe lake lilikuwa dogo na limesuguliwa vizuri. Kando yake, ndani ya kitungi cha mwanzi chenye maji, yalikuwepo mashina matatu, yameng'olewa na mizizi yake kutoka kwenye udongo ule laini, na kila shina limebeba maua ya njano yaliyoinamisha vichwa.

Shinobu alinyoosha mkono. Mkono ukasimama hewani.

"Chukua," Tamotsu alinong'ona.

"Chukua wewe."

"Mimi? Niibe maua ya Mwalimu? Juu ya kaburi lake? Baada ya yale?"

Walisimama pale, daktari na kiongozi wa kitongoji, kama walivyowahi kusimama mbele ya mlango wake. Bibi Kikue aliwafikia akihema.

"Mnataka kuyateremsha? Basi mpeni udi kwanza. Kijiti kikiisha, ameshakula. Kilichobaki ni cha walio hai. Mama zenu hawakuwafundisha?"

Waliwasha kijiti kimoja. Jua lilikuwa limeanza kupanda juu ya mierezi, na hototogisu haipendi jua. Shinobu alifungua mwavuli wake, akayafunika maua, yeye mwenyewe akabaki juani. Moshi ulipanda polepole, kwa ukaidi wa mtu anayejua anasubiriwa.

"Unakumbuka alivyovaa koti?" Tamotsu alisema.

Alikumbuka. Ilikuwa Julai, joto la kukaanga yai, nao wamesaga punje za wali wa jioni kwa vidole gumba hadi zikawa gundi, wakabandika petali za njano za ua la mtoni kwenye shina la hototogisu ya kawaida. Walimpelekea Mwalimu Nishimori kwa nyuso za msibani. Alikuwa na fulana. Akalitazama ua, akarudi ndani, akatoka amevaa koti na tai.

"Spishi mpya," alisema, "haipokelewi na mtu mwenye fulana."

Kisha akawainamia. Aliwainamia hasa, hadi kiunoni, wakabaki wameuma midomo wasipasuke. Halafu akawaonyesha viti.

"Kaeni. Lielezeni. Anzeni chini, kwenye mzizi. Ua ni la mwisho. Anayeanza na ua hupenda kabla hajajua."

Jioni ile wakaeleza mzizi. Iliyofuata, shina. Wenzao walikuwa mtoni wakikimbiza vimulimuli, vicheko vikija hadi dirishani, nao wawili wakipima majani kwa rula. Tamotsu alisinzia juu ya kalamu. Shinobu alianza kwa hasira, kisha, bila kujua ni lini, hasira ikamtoka. Aligundua kwamba jani ukilitazama vya kutosha huanza kukujibu. Walipofika kwenye ua, petali mbili zilikuwa zimeanguka na gundi imeota ukungu. Shinobu akaandika ukweli, kwa kuwa alikuwa ameshazoea kuuandika: *Harufu: wali uliochacha.*

Mwalimu alisoma maelezo yote, miwani puani, uso haukutikisika.

"Kazi nzuri," alisema. "Mmesahau mahali linapoota. Andikeni: jikoni."

Akavua tai, akaenda kulala. Hakuwahi kulitaja tena jambo lile hadi anakufa.

"Mimi nilidhani ametuadhibu," alisema Tamotsu.

"Mimi nilidhani amenikaribisha," alisema Shinobu.

Kijiti kiliisha. Jivu lake lilisimama kidogo, likapinda, likaanguka. Bibi Kikue aligonga viganja pamoja na kufumba macho, wakamfuata. Walichomwambia Mwalimu hatukijui, ila Tamotsu alichukua muda mrefu zaidi, kama mwenye mengi.

Shinobu aliteremsha mashina mawili. La tatu akaliacha kwenye kitungi.

"Mbona unaliacha?"

"Atataka kuhakiki."

Kisha akachuchumaa kwenye ngazi ya kaburi, akaligeuza ua, na kwa ukucha wa kidole kidogo akakwangua taratibu pale petali inaposhikana na kikonyo.

"Gundi!" Tamotsu aliumia kweli kweli. "Baada ya yote haya?"

"Kazi ni kazi."

Petali haikubanduka. Ndani ya koo la ua madoa ya zambarau yalijipanga mduara mmoja, safi kama yamehesabiwa, na petali zenyewe hazikuwa na doa hata moja. Hakuna hototogisu aliyoijua iliyofanya hivyo. Hakulisema hilo bado. Alitandaza magazeti juu ya ngazi, akamkabidhi Tamotsu mwavuli, akavuta pumzi.

"Andika," alisema. "Mzizi: mfupi, unatambaa, mweupe ukivunjika."

"Si uanze na ua? Linanyauka!"

"Ua ni la mwisho."

Naye Kima, ambaye hakuwahi kumtii mtu yeyote katika maisha yake marefu yenye hatia, aliandika.

Ukuta ulijengwa Oktoba, umechelewa, na hadi leo ukipita barabara ile utauona ukipinda ghafla nyuma ya bweni bila sababu inayoonekana, kama mtu anayempisha mkubwa wake njiani. Majira ya joto yaliyofuata mmea uliota tena kwenye mizizi iliyobaki. Jina lake la Kijapani ni hototogisu ya Nishimori. Maelezo yake yalichapishwa kwenye jarida zito ambalo watu wa Kagenotani walilinunua wote na hakuna aliyelisoma, isipokuwa Tamotsu, aliyelisoma hadi mstari wa mwisho, akatoka nje akakaa kwenye yuzu zake peke yake.

Mhariri wa jarida alikuwa ameomba mstari ule uondolewe kwa kuwa hauna umuhimu wa kisayansi. Daktari Kuromiya alikataa katakata. Unasema: *Harufu: hakuna. Imechunguzwa mara mbili.*