Fundi wa Hewa

Saa moja asubuhi Sista Santina alining'iniza kipande cha bendeji mlangoni mwa chumba cha upasuaji, kama alivyofanya kila siku. Kikipepea kuelekea nje, hewa safi ya ndani inalisukuma vumbi la ujia. Hakikupepea. Wagonjwa watatu vidonda vyao vilikuwa vimetunga usaha na mmoja alishakufa, maana wiki iliyopita kapteni mmoja alikuja na askari kuchukua mota ya feni inayosukuma hewa chumbani humo, akaifunge kwenye baa yake Kansanga. Fundi Onen alimwambia mota ni ya wagonjwa. Wakamtia kwenye buti la gari pamoja nayo. Huo ulikuwa mwaka wa 1974, wanajeshi wakitawala.

Saa nne bendeji ikaanza kupepea. Santina alipanda juu hadi chumba cha mashine. Onen alikuwa ameketi kando ya feni, miguu mitupu, maji ya mto yakimchuruzika, nyuma ya sikio tundu dogo la risasi. Feni ilizunguka bila mota.

"Fundi, umekufa?"

"Nimekufa, Sista. Tangu Jumanne."

"Basi huwezi kukaa hapa na maji hayo. Yana wadudu."

Alimletea sabuni ya dawa, nguo safi, na beseni la kuwekea miguu. Dawudi wa maabara aliacha sahani zake za kuoteshea vijidudu wazi chumbani mwa upasuaji siku nzima, hakikuota kitu. Vidonda vikaanza kukauka.

Jumatano iliyofuata waliletewa kapteni yuleyule, kidole tumbo kimepasuka. Walinzi wake walisimama mlangoni na bunduki. Santina alipanda ngazi mbio.

"Kapteni yuko mezani. Ndiye aliyekuua?"

"Ndiye."

Miaka kumi na minne Santina alikuwa akipigana na usaha. Sasa alikuwa akiuomba. "Basi pumzika, fundi. Saa moja tu."

Feni ilipunguza mwendo, ikasimama. Kwa chini walimsikia daktari akiomba kisu.

"Baada yake anaingia nani?" Onen aliuliza.

"Mama wa mapacha. Mmoja amelala vibaya."

"Chumba hichohicho?"

"Hichohicho."

Feni ikazunguka tena.

Mapacha walizaliwa salama. Kidonda cha kapteni kilipona vizuri kuliko vyote wodini. Siku ya tano Ajok, mke wa Onen, alimpelekea barua kitandani: aliomba maiti ya mumewe akaizike kwao Gulu. Kapteni aliisoma ameegemea mito, akaagiza daftari la mahudhurio. Jina la Onen lilikuwemo kila siku, wino umetawanyika kwa maji.

"Mama, bwana yako iko kazini. Jina yake hii hapa. Sasa unataka maiti ya nani?"

Ajok alilitazama jina. Mwandiko ulikuwa wa mumewe. Akapanda juu, akakaa naye mpaka kengele ya kuwatoa wageni ilipolia. Waliyozungumza hakuna aliyeyasikia. Aliposhuka, upande mmoja wa gauni lake ulikuwa umelowa, na Santina alimpa taulo asishikwe na baridi njiani.

Ijumaa kapteni alitolewa nyuzi. Jumatatu naye alikuwa kazini, na gari lake lilelile.