Nani Anamenyewa Yai

Yu-chih hakuja milimani kuoga maji ya moto. Alikuja kumtafuta mwanamke.

Mumewe, Kuo-tung, tangu astaafu ufundi wa umeme, kila msimu wa baridi alikuwa akienda milimani na kikundi chake cha wapenzi wa chemchemi za moto, na akirudi mjini Taichung simu yake hainyamazi. Anasoma, anacheka peke yake. Ukimwuliza: "Aa, si kitu." Nyumbani humo hana zaidi ya "chakula tayari?" na "umefunga gesi?" Sasa kicheko chote kile anampelekea nani? Mwaka huu Yu-chih akasema, "Na mimi naja."

"Kule baridi kali," mume akajibu.

Mke akanunua gambuti siku ileile.

Walifikia nyumba ya wageni ya kijijini, wanawake wakalala pamoja sakafuni, magodoro yamebanana. Yu-chih alilala jicho moja wazi, kamkazia Man-li, mjane mcheshi. Asubuhi, kwenye uji wa viazi vitamu, huyo Man-li akamwambia, "Shemeji, leo tutafaidi! Mumeo, Kaka Tung, atatumenyea mayai."

"Mayai gani?"

"Makubwa! Hujui? Hatumruhusu kukosa safari kwa sababu ya mayai yake!"

Wote wakacheka. Yu-chih naye akacheka, kicheko cha meno tu. Mtu ambaye hata chungwa anamenyewa!

Njiani hakutulia. Mara mbele, mara nyuma, ili mume na Man-li wasimpotee machoni. Walipovuka mto, maji ya barafu yakamwingia kwenye gambuti, wala hakujali. Mzee Hai, kiongozi wao, akamtania, "Shemeji, taratibu! Maji ya moto hayakimbii."

"Maji hayakimbii," akasema, "watu je?"

Walipofika penye chemchemi, kando ya mto, wanaume wakachimba kokoto kwa koleo, wakapanga mawe kuzuia maji baridi, na bwawa likajaa. Mayai yakatiwa kwenye wavu, yakatumbukizwa pale maji yanapotokota. Yu-chih akaingia na nguo zake za kuogelea, akakaa ukingoni. Mvuke ulikuwa mzito, lakini sauti ya mumewe aliisikia vizuri.

"Mayai! Mayai ya moto! Mwenye meno na asiye na meno, wote waje!"

Alikuwa anaimba, jamani. Kuo-tung!

Yai la kwanza akampa Man-li. "Kula, mrembo, uongeze mashavu!"

"Tia chumvi, mchoyo wewe!"

Ndiye, Yu-chih akajiambia. Lakini la pili akapewa Mzee Hai: "Kula, mrembo, uongeze mashavu!" Na la tatu vilevile, na la nne, kwa kicheko kilekile. Yu-chih akatega sikio mpaka shingo ikamuuma, akitafuta neno moja lililofichwa kwa ajili ya Man-li. Hakuna. Hakukuwa na mwanamke yeyote.

Angeshukuru. Badala yake akaona uchungu. Angekuwepo mwanamke, angejua wa kumchukia. Kumbe mume wake ana maneno ya kumtosha kila mtu.

Mvuke ukasogea, mkono wenye yai ukamjia. "Na wewe, mrembo uliyejificha huko! Unataka, au nile mwenyewe?"

"Nataka."

Kuo-tung akainama kumwona. Uso ukamzimika. "Aa. Ni wewe," akasema, kwa sauti ile ya nyumbani. "Shika. La moto."

Yu-chih hakulipokea. "Sema tena."

"Niseme nini?"

"Kama ulivyosema kabla hujaniona."

Man-li akatazama maji. Kuo-tung alisimama na yai lake mkononi.

"Na wewe, mrembo..." akaanza. "Mrembo uliyejificha..."

"Sikujificha mimi," Yu-chih akasema, na sasa alikuwa analia waziwazi. "Miaka yote niko mezani, mbele yako."