Boti Lenye Kamba

Siku mdogo wangu Sharubu alipoondoka, beseni la chambo lilirudi ukingoni peke yake. Lilikuja likielea polepole, mahindi ya kuchemsha yakiwa nusu, na baba akalishika akidhani kijana anamfanyia mzaha.

"We Sharubu, toka huko! Maji ya baridi haya."

Aliita mara nyingi, na kila alivyoita sauti yake ilizidi kuwa ndogo.

Kazi ya baba na mdogo wangu ilikuwa kuwazoesha kapi, samaki wanene wa matopeni, waje kula mahali pamoja kila asubuhi. Bwawani kuna nguzo ya zamani iliyozama, kichwa chake tu ndicho kinachoonekana. Mdogo wangu alikuwa akiingia na beseni hadi maji ya kifuani, anamwaga chambo karibu na nguzo, anarudi, kisha wanatupa ndoana palepale. Mvua zilikuwa zimechimba shimo mbele ya ile nguzo. Hatukujua hadi lilipommeza.

Watu wa msibani walipokwisha kuondoka, baba alichukua beseni akalisugua.

"Kapi wakikosa chakula watahama," alisema.

"Nani ataingia majini, baba?"

"Kwani unamwona nani mwingine hapa?"

Nilimwambia kwamba kwa fundi redio wanauza maboti madogo ya rimoti ya kupeleka chambo. Akanicheka, lakini akavaa viatu.

Duka lilikuwa na harufu ya risasi ya kuunganishia nyaya. Nyuma ya kaunta kulikuwa na sinki kubwa la kuogea lililojaa maji, la kujaribia. Fundi, mtu mwenye tumbo na miwani iliyopandishwa kwenye paji la uso, alishusha boti jeusi kutoka rafu ya juu.

"Mzee, hili ndilo dume. Masanduku mawili ya chambo, ukibonyeza hapa milango inafunguka chini. Linafika ng'ambo ya pili na bado linakusikia."

Baba alililaza mikononi kama mtoto mchanga. Macho yake yaling'aa, na mng'ao ule ulinitisha.

"Likinaswa na magugu huko ng'ambo?" niliuliza.

"Halinaswi."

"Likinaswa?"

"Basi dada, mtu analifuata. Maji si moto."

"Nitalifuata mimi," baba akasema, kwa wepesi wa mtu anayekwenda kuanua nguo.

Niligeuza macho nitafute kingine. Chini ya kaunta niliona boti jingine, dogo, la manjano iliyopauka, lenye pete ya chuma nyuma.

"Hili linaweza kufungwa kamba?"

Fundi alicheka hadi miwani ikamshukia puani. "Kamba? Huyo sasa ni mbuzi, si boti!"

"Msamehe," baba alimwambia. "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka."

"Nampenda mbuzi huyuhuyu, baba," nilisema. Akanitazama usoni, kisha akalirudisha lile jeusi kwenye kaunta.

Kesho yake tulikwenda bwawani. Niliomba tumwage chambo mahali pengine, popote. Baba alikataa. "Kapi wamezoeshwa pale. Watakuja wapi?" Alishika rimoti, mimi nikashika kamba. Boti likaenda likinguruma kama nyuki ndani ya kopo, hadi nguzoni. Milango ikafunguka, mahindi yakazama. Lilipogeuka kurudi, kamba ililegea, ikaingia kwenye panga za nyuma zinazolisukuma, ikajizungusha. Mngurumo ukakatika. Nilivuta, kamba ikazidi kukaza, na boti likajibana kwenye nguzo.

"Acha, utaikata," baba alisema. Alikuwa amekwisha kuvua shati.

"Baba, liache."

"Ni hapo tu, mama. Nalilegeza narudi."

"Hata yeye ilikuwa ni hapo tu."

Hakugeuka. Maji yalimfika magotini, kiunoni, kifuani. Mbele yake maji yalibadilika rangi, yakawa meusi, na nilijua kule kwenye weusi hakuna chini. Sijui kuogelea. Niliingia na viatu vyangu, tope likanishika vifundo, nikaendelea hadi maji yakanibana kifua na pumzi ikanitoka kwa vipande.

Baba alisikia maji nyuma yake. Aligeuka.

"Unakwenda wapi wewe?"

"Nakufuata."

Alisimama huku mkono mmoja umeinuliwa kuelekea boti. Kisha alirudi, akanishika mkono kwa nguvu hadi ukaniuma, akanitoa nje.

Boti bado limebanwa nguzoni. Asubuhi baba hurusha mahindi kwa mkono kutoka ukingoni, na hayafiki mbali.