Mita Nane za Ujazo

Profesa aliisukuma karatasi yangu kwa ncha ya kidole, kama mtu anayesukuma sahani yenye nywele. Swali la nne, sifuri. Tulitakiwa kuyagawa maji ya mto wetu: mji upate kiasi gani, mashamba kiasi gani, mto wenyewe ubakiwe na nini.

"Umegawa mita tatu za ujazo kwa sekunde. Mto una nane."

"Ulikuwa nazo, Profesa. Siku hizi ni tatu, na zenyewe zinajikongoja."

Hakucheka. Utani wangu ulishanifukuzisha kazi mara mbili, nikajua nimekaribia ya tatu.

"Nani kakwambia?"

"Ubao wa vipimo pale darajani. Niliusoma kila asubuhi kwa miaka tisa, ndipo nikaja hapa."

Ndiyo maana darasani waliniita Babu Rula. Miaka hiyo yote, kila mwezi nilipeleka daftari la vipimo idara ya maji. Huko wakalitumia kuwekea vikombe vya chai.

"Vimechapishwa?"

"Hapana."

"Basi si takwimu. Utarudia mtihani."

Alisema hivyo huku akifunga notisi zake za manjano, za enzi ambazo mvua ilikuwa na adabu. Nilitamani kumlisha ukurasa mmoja mmoja.

Sikwenda chuoni kutafuta sifa. Dada yangu analima mboga upande wa chini wa mto, na kila alipolalamika ofisi ya bonde, wanaotoa vibali vya maji, kwamba mfereji wake unakauka, aliulizwa amesomea wapi. Nikamweleza kuhusu ile nane.

"Iandike, mdogo wangu, utoke humo. Utagombana nao ukiwa na cheti."

Kwenye mtihani wa marudio nikaiandika. Nikagawa maji yasiyokuwepo kwa ukarimu wa mtu anayegawa shamba la jirani. Nikapata alama zote.

Miezi sita baadaye tuliingia ofisi ya bonde, dada, mimi na cheti, kupinga kibali cha maji cha shamba kubwa la upande wa juu wa mto. Ofisa alitusikiliza kwa heshima, akafungua jalada.

"Hesabu zipo. Mshauri wetu ni Profesa, ametuambatanishia kazi ya mwanafunzi wake bora."

Ilikuwa karatasi yangu. Nilikuwa na hasira ya kupasua meza, ila sikujua nianze kumpiga nani.

Dada aliusoma mwandiko wangu taratibu, mstari kwa mstari.

"Hizi mita tano zilizozidi," aliniuliza, "nikazichote wapi?"

Ofisa alikuwa amefungua droo, anatafuta muhuri.