Nyumba Moja, Kura Moja

Arlette na Wendell walikuwa wameachana miaka ishirini na miwili waliponunua nyumba pamoja Arizona.

Watu hawakuwaelewa, na wao hawakujaribu kueleza. Binti yao wa pekee, Janelle, alikufa Septemba huko Toledo, Ohio, akiwa na miaka arobaini na sita. Kwa wiki kumi na moja walimuuguza hospitalini kwa zamu, mmoja akiinuka kwenye kiti mwenzake anakaa, kiti bado kina joto. Baada ya mazishi kila mmoja akarudi kwake. Majira ya baridi yakapita. Arlette hakulia. Alikula alipokumbuka kula, akalala runinga ikiwaka, na watu walipomjulia hali alijibu, "Nipo," kwa sababu hilo alikuwa na uhakika nalo.

Februari, Wendell akapiga simu.

"Kuna nyumba Arizona," akasema. "Mtaa wa wastaafu. Hawataki mtu wa chini ya miaka hamsini na mitano."

"Sawa."

"Vyumba viwili, kila kimoja na bafu lake. Bei yenyewe ningejikaza. Kinachonishinda ni ada ya jumuiya ya wenye nyumba. Dola mia tatu na kumi kila mwezi, mpaka ufe."

"Ada ya nini?"

"Geti, bwawa, watu wa kufagia barabara, sijui na nini. Sikuombi turudiane, Arlette. Nakuomba nusu."

"Wala sikudhani unataka turudiane."

"Sasa unasemaje?"

Arlette alitazama dirishani. Theluji ya barabarani ilikuwa imegeuka tope jeusi. "Sawa," akasema. Kukataa kungetaka maneno mengi zaidi.

Mtaa wenyewe uliitwa Mesquite Terrace. Dalali aliyewapokea alikuwa kijana wa miaka sitini aitwaye Kip, mchangamfu kupita kiasi, akawazungusha kwa kigari cha gofu huku akipungia kila mtu mkono.

"Mama, koleo la kuzolea theluji hulishiki tena maisha yako yote! Na wewe mzee, gofu unacheza?"

"Hapana," akasema Wendell.

"Utacheza. Wote huanza na hapana."

Aliwaita Bwana na Bibi Pruitt, na hakuna aliyemsahihisha. Nyumba ilikuwa ya rangi ya mchanga kama zote, mbele imemwagwa changarawe badala ya nyasi. Ndani mlikuwa na harufu ya rangi mpya. Arlette alifungua kabati moja la jikoni, akalifunga. Kip akamuuliza kama amelipenda. Akasema ni zuri. Hata angeonyeshwa banda la kuku angesema ni zuri.

Siku ya kusaini waliwekewa mbele kitabu cha kanuni za jumuiya, kurasa themanini na nne. Rangi za milango zinazokubalika. Saa ya kutoa pipa la taka na saa ya kulirudisha. Wajukuu wasilale zaidi ya siku thelathini kwa mwaka.

"Mna wajukuu wangapi?" Kip akauliza.

"Hatuna," akasema Wendell.

"Basi bahati yenu, huo ukurasa tuuruke."

Wakauruka. Arlette aliandika jina lake mara ishirini na sita. Mwishoni lilionekana kama jina la mtu mwingine.

Kikwazo kilikuja ofisini kwa jumuiya, walipokwenda kuchukua kadi za geti. Karani, Bi Twyla, aliwapa fomu ya ukurasa mmoja. Arlette ndiye aliyeshika kalamu. Jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya gari. Kisha: mtu wa kupigiwa simu kukitokea dharura, asiwe mkazi wa nyumba hiyo. Mkono wake haukusita. Ulikuwa umeshaandika J-a-n alipoona unachofanya.

Akaiweka kalamu chini. Wendell akatazama karatasi, halafu akatazama kalenda ukutani, akaendelea kuitazama.

"Kuna shida, wapendwa?" Bi Twyla akauliza.

"Hatuna mtu wa kuandika hapa," akasema Arlette.

"Ah, kila mtu ana mtu. Dada? Mpwa? Rafiki wa kanisani?"

"Nina kaka," Wendell akasema. "Yuko kwenye nyumba ya kuwatunza wanajeshi wastaafu. Ukimpigia atakuuliza wewe nani, halafu atakuuliza yeye nani."

Bi Twyla hakucheka. "Mtambo wa kompyuta haupokei fomu yenye nafasi tupu, mpenzi. Usipopokea, kadi haitoki. Na bila kadi, geti halifunguki."

"Nyumba tumeshainunua," Arlette akasema.

"Najua. Lakini mtambo ndiyo huo."

Wakatoka na fomu yao. Ilikuwa saa tisa alasiri, na kibali chao cha wageni kilikuwa kinaisha saa kumi na moja. Walikaa ndani ya gari mbele ya nyumba yao. Wendell hakuwasha injini wala hakufungua mlango.

"Tugonge hapo jirani," akasema mwishowe.

Hawakuhitaji kugonga. Jirani alikuwa nje, mwanamke mfupi wa miaka sabini na ushee, kofia pana kichwani na glavu za mpira mikononi, anapaka rangi nyeupe shina la mchungwa ili jua lisiliunguze. Alijitaja kuwa Rosalba. Wendell akamweleza habari ya fomu, mtambo na geti. Sababu ya nafasi kuwa tupu hakuieleza.

Rosalba akawaangalia mmoja mmoja. "Mna magonjwa gani?"

"Mimi presha," akasema Wendell.

"Mimi sukari, kidogo," akasema Arlette.

"Mnapigana?"

"Hatujazoeana kiasi hicho," Arlette akajibu.

Rosalba akaangua kicheko, brashi ikamdondoka changaraweni. "Basi niandikeni. Mtaa huu mimi ndiye dharura ya nyumba sita, nyie mtakuwa wa saba. Miaka thelathini nilikuwa napokea simu za zimamoto kule Fresno, simu hainitishi. Ila mtu asinifie Jumanne. Jumanne nacheza karata."

Akachukua fomu, akaiegemeza kwenye mlango wa gari. Aliona zile herufi tatu. Alizikata kwa mstari mmoja, akaandika jina lake juu yake kwa herufi kubwa, na doa la rangi nyeupe likabaki pembeni. Mtambo ukapokea.

Wakahamia Mei. Kiangazi kilipoingia, joto lilifika mahali ambapo mtu hatoki nje baada ya saa nne asubuhi. Waliishi kama abiria waliokaa viti jirani kituoni. Wendell alipika, Arlette aliosha vyombo. Jioni walitazama vipindi vya kuuza vitu vya kale bila kuzungumza. "Kuku au samaki?" Wendell angeuliza. "Sawa," Arlette angesema. Rosalba alimwita Arlette kwenye karata, kwenye ufinyanzi, kwenye mazoezi ya kukaa kitini. Alisema atakuja, hakuenda. Ada ilikatwa benki kila tarehe mosi. Hakuwa na kinyongo nayo. Hakuwa na kinyongo na kitu chochote.

Oktoba ikaja barua ya jumuiya. Bwawa la kuogelea lilikuwa na ufa, na kulijenga upya kungehitaji mchango wa ziada, dola elfu moja mia tisa kwa kila nyumba. Kungekuwa na kura kwa karatasi iliyoambatanishwa, na nyumba moja ni kura moja. Arlette aliisoma mara mbili, akaweka alama kwenye "hapana", akaiacha mezani.

Siku ya mkutano alipitiwa na usingizi mchana. Alipoamka, karatasi haikuwepo. Rosalba alimkuta akifungua pipa la taka kuitafuta.

"Mumeo leo katuamsha," Rosalba akasema. "Kasimama mbele ya watu, katoa hotuba, kapiga kura ya ndiyo. Mchango umepita kwa tofauti ya kura nne!"

Arlette akaingia ndani. Wendell alikuwa jikoni anakata vitunguu.

"Umeipiga kura yangu?"

"Kura ya nyumba."

"Nyumba ina watu wawili! Na niliweka alama!"

"Niliichukua, nikaomba nyingine kule mkutanoni. Ulikuwa umelala."

"Si ungeniamsha!"

"Nikuamshe useme sawa?" Wendell akaweka kisu chini. "Miezi mitano nakuuliza unataka nini. Sawa, sawa, sawa. Kwa mara ya kwanza umekataa kitu, na kitu chenyewe ni bwawa langu."

"Bwawa lako? Tangu lini?"

"Tangu Juni. Kila asubuhi. Narudi nywele zimelowa, napita hapa mbele yako. Tuko wazee wanne. Wananiita Toledo."

Arlette alimkodolea macho. Wendell alikuwa na watu. Alikuwa na jina la utani, na yeye hakujua.

"Hivi hivi ndivyo ulivyofanya mwaka tisini na tatu," akasema, na sauti yake ikapanda hata ikamshangaza. "Uliuza gari langu bila kuniuliza!"

"Lile lilikuwa gari? Lilikuwa kopo!"

"Lilikuwa langu! Janelle alijifunzia kuendesha kwenye gari lile!"

Jina lilikuwa halijatajwa ndani ya nyumba hiyo tangu wahamie. Arlette alichukua kilichokuwa karibu, kitambaa cha kufutia vyombo, kimelowa, akamtupia. Kilimpata shavuni. Masikio ya Arlette yalikuwa ya moto. Aliingia chumbani, akabamiza mlango, akatoka tena kwa sababu hakuwa amemaliza.

"Na aliligonga kwenye mti wa jirani, Bi Kaczmarek," akasema.

"Mara mbili," akasema Wendell.

"Mara mbili, na ukalipa wewe, ukanificha."

"Alinilipa kwa kunikatia nyasi mwaka mzima." Uso wa Wendell ulikuwa umelowa, kwa kitambaa, kwa vitunguu, kwa lolote. Hakuufuta.

Walipigizana kelele mpaka jua likazama, wakimtaja na kumtaja, kisha wakala vile vitunguu na mayai.

Mwezi uliofuata walilipa mchango, nusu kwa nusu. Arlette aliandikia kamati barua ya kurasa tatu, akidai kwamba nyumba ya watu wawili wasio mke na mume ihesabiwe kura mbili. Kamati ilimjibu kwa aya moja kwamba haiwezekani. Aliisoma amesimama kwenye sanduku la posta juani, akaisoma tena kwa sauti, mbele ya Rosalba, huku akikosoa lugha ya kamati. Kisha akaingia ndani kuandika ya pili.